Stesheni Iliyochorwa Karatasini: Safari Yetu ya Syokimau na Ndithini

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kutiwa mkobani pamoja na stakabadhi ya benki. Aliyetuletea ni mtunza hazina wa chama cha akina mama 14 wa hapa Mombasa, mama wa makamo ambaye kila Alhamisi baada ya darsa huketi barazani na daftari lake la mistari, akipokea shilingi 500 kutoka kwa kila mwanachama. Ni fedha za mahamri ya alfajiri, za kushona, za hina ya maharusi, na nyingine zimebanwa kidogo kidogo katika pesa za sokoni. Kwa muda wa miaka mitatu zilikuwa zimefika milioni moja na ushei.

Mama huyu hakuja kutaka shauri. Alikuja kutuomba tuichapishe karatasi ile bila malipo, ili familia nyingine nazo ziipate kheri ambayo chama chake kilikuwa kimekwisha kuishika. Tuliikunjua mezani. Juu palichorwa treni nyeupe chini ya paa la vioo, na baba, mama na watoto wawili wakiisubiri. Chini yake yaliandikwa maneno haya kwa herufi za kijani: viwanja vya futi 50 kwa 100, Ndithini, kaunti ya Machakos, shilingi 280,000 kila kimoja, dakika tano tu kutoka stesheni mpya ya reli nyepesi, hatimiliki tayari, malipo kwa awamu. Chama kilikuwa kimechagua viwanja vinne, na kimelipa arubuni ya shilingi 336,000.

Tulimwomba mama atupe wiki mbili. Na hapa hatuna budi kukiri jambo ambalo si la kujivunia: gazeti hili limewahi kuchapisha matangazo ya viwanja bila kuuliza neno zaidi ya ada ya tangazo. Lau mama yule angalikuja na ada mkononi badala ya ombi, huenda karatasi ile ingalitoka Ijumaa iliyofuata, na makala haya yasingaliandikwa.

Tulipouliza kwa nini akina mama wa Mombasa watake ardhi Ndithini, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupakanyaga, jibu lilikuwa neno moja: Syokimau. Mkubwa wao kwa umri alikuwa na kaka aliyefanya kazi Nairobi. Kabla ya reli kufika, kaka huyo alimsihi auze bangili za dhahabu alizoachiwa na mama yao, anunue kiwanja Syokimau. Alikataa, dhahabu ilikuwa na harufu ya mama. Leo kiwanja kile hakishikiki, na kila chama kinapokutana hadithi hiyo huzuka tena. Muuzaji wa Ndithini hakuhitaji kuwashawishi sana. Majuto ya Syokimau yalikuwa yamekwisha kuwalainisha.

Basi tukaona tuanzie huko huko. Tulipanda treni ya saa mbili asubuhi pale Miritini, ile inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River, na saa nane tukawa Syokimau. Tukaswali adhuhuri na alasiri kwa pamoja, kwa kupunguza, kama safari inavyoruhusu, kisha tukatoka nje kutazama mahali ambapo jina lake limewatoa usingizi akina mama 14.

Jina lenyewe ni la mwanamke. Wakamba husimulia kuwa Syokimau alikuwa mwaguzi aliyeishi katika nchi ya Machakos kabla ya Wazungu kufika, na kwamba aliwaambia watu wake atakuja nyoka mrefu mwenye kutoa moto na moshi, ambaye atatoka kwenye maji ya upande mmoja wa nchi hadi maji ya upande mwingine. Sisi tunaamini kuwa ghaibu anaijua Mwenyezi Mungu peke yake, na hatutakaa hapa kuupima uaguzi wa bibi huyo. Lakini reli ilianza kulazwa Mombasa mwaka 1896 na ikafika Kisumu mwaka 1901, kutoka bahari hadi ziwa. Na waliotafuta jina la kuiita stesheni hii hawakukosea kuchagua lake. Nchi imeipa mojawapo ya stesheni zake jina la mwanamke wa kijijini.

Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 13 Novemba 2012. Wakati huo ilisifiwa kuwa stesheni mpya ya kwanza ya reli kujengwa nchini tangu uhuru. Iko umbali wa kilomita kama 16 kutoka katikati ya Nairobi, na shabaha yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mwenye gari aliache pale, apande treni, aingie mjini bila kukaa saa mbili katika msongamano wa Barabara ya Mombasa. Kisha tarehe 31 Mei 2017 ikazinduliwa reli mpya ya kutoka Mombasa, na kituo chake kikuu cha Nairobi kikajengwa Syokimau hiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye yakaletwa mabehewa yaliyotumika kutoka Uhispania, yanayojiendesha kwa dizeli, ili kuwatia nguvu wasafiri wa kila siku. Mtu anayeshuka leo kutoka Mombasa hubadilisha treni pale pale akaendelea hadi mjini.

Na mji umemfuata treni. Mahali palipokuwa mbuga za nyasi za Athi pamesimama majumba ya ghorofa, maduka makubwa, skuli, na vibanda vya chai ambavyo hufungua kabla ya adhana ya alfajiri kwa ajili ya wanaowahi treni ya kwanza. Tulikaa katika kimojawapo. Mwenyewe, dada mmoja kutoka Kitui, alituambia kuwa kodi ya chumba chake imepanda mara tatu tangu ahamie, na kuwa wanaofaidi stesheni zaidi ni wale waliokuwa na ardhi kabla yake. Sisi wapangaji, alisema, tunalipa nauli mara mbili: moja ya treni na nyingine ya kuishi karibu na treni.

Lakini hadithi ya Syokimau inayosimuliwa Mombasa huanzia katikati. Haisemi kuwa mwezi Novemba 2011, mwaka mmoja tu kabla ya stesheni kufunguliwa, matingatinga yaliingia Syokimau na kubomoa nyumba za watu kwa hoja kwamba ardhi ilikuwa ya uwanja wa ndege. Waliobomolewa hawakuwa wavamizi wa usiku. Walikuwa watumishi wa ofisi na wafanyabiashara, wenye familia, walionunua, wakalipa, wakajenga kwa mawe, na wengi wao wakatoa karatasi walizoamini kuwa ni hati halali. Karatasi hazikuzuia tingatinga. Na jambo hilo halikwisha mwaka ule. Mwezi Oktoba 2023, huko huko Mavoko, upande wa Athi River, nyumba nyingine zilivunjwa katika ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua kuwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland Cement. Watu walisimama kando ya vifusi wakiwa na risiti mkononi.

Hivyo yule kaka aliyemsihi dada yake auze bangili alikuwa sahihi kuhusu reli, wala hakuna ajuaye kama angalikuwa sahihi kuhusu kiwanja. Kati ya viwanja viwili vilivyotazamana kwa njia ya mchanga, kimoja kingeweza kuwa utajiri na cha pili kifusi, na vyote viwili viliuzwa kwa maneno yale yale.

Usiku ule, nyumbani kwa jamaa zetu Eastleigh, tulirudi kwenye karatasi ya kijani, na neno lililotukera zaidi lilikuwa "reli nyepesi". Reli nyepesi si jina la heshima la treni yoyote ya mjini. Ni aina ya treni ya umeme yenye mabehewa madogo, isiyohitaji njia nzito kama ya treni za mizigo, ambayo hupita kandokando ya barabara au katikati yake na kusimama kila baada ya masafa mafupi, kama basi. Addis Ababa walifungua yao mwaka 2015: njia mbili, stesheni 39, na treni 41 zilizojengwa China. Lilikuwa jambo la fahari kwa ukanda wetu wote, na nauli yake ilikuwa rahisi hata kwa maskini. Miaka michache baadaye treni nyingi kati ya hizo zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Nairobi yenyewe, pamoja na mamilioni ya watu wake, haina reli nyepesi; treni za Syokimau ni za dizeli na hupita katika njia ya kawaida. Vipi basi Ndithini itangulie?

Si kwamba sisi watu wa Pwani ni wageni wa mambo haya. Sultani Barghash bin Said alijenga reli ndogo kutoka mjini Unguja hadi Chukwani katika karne ya kumi na tisa, hapo mwanzo ikikokotwa na nyumbu, na ilikufa pamoja naye. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikaweka njia nyingine kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, mwendo wa maili saba, nayo ikachukua abiria hadi miaka ya 1920 ilipokatika. Ngome hiyo iliwahi kuwa karakana ya reli. Baadaye ikawa klabu ya akina mama. Bububu ipo mpaka leo, ila treni haipo, na waliojenga huko hawakukosa kitu. Twalitaja hili kwa sababu aliyeuza kiwanja cha Bububu mwaka 1905 angalau mnunuzi aliweza kuiona reli kwa macho.

Siku ya pili tulikwenda Ndithini. Msomaji asiyeijua na aelewe kwamba Machakos ni kaunti ndefu. Syokimau iko kwenye ncha yake inayogusana na Nairobi. Ndithini ni kata ya Masinga, kaskazini, upande wa Thika na Matuu, na kutoka stesheni hadi huko ni zaidi ya saa mbili kwa njia ya Thika. Maneno "kaunti ya Machakos" yaliyoandikwa katika karatasi ni ya kweli, lakini huunganisha sehemu mbili ambazo hazioni moshi wa jiko la mwenzake. Reli iliyo karibu zaidi ni ile ya zamani ya Thika kwenda Nanyuki, nayo hupita upande wa Murang'a.

Nchi ni nzuri. Hatutaki mtu afikirie kuwa tulikwenda kudharau mahali pa watu. Mlima wa Kilimambogo hukaa upande mmoja kama jahazi lililopindua matanga, na mashamba ya mahindi, mbaazi na kunde huteremka kwa matuta yaliyochongwa kwa mkono, kazi ambayo Wakamba wanaisifika. Miembe ilikuwa imeanza kuzaa. Ila mvua ilikuwa imechelewa, na njiani tulipishana na punda wengi kuliko magari, kila mmoja na mitungi minne ya maji.

Viwanja tulivioneshwa na kijana aliyewekwa kuvilinda. Vilikuwa vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu, vimepangwa katika shamba lililovunwa, na mabua bado yamesimama. Tulimuuliza stesheni iko wapi. Akainua panga na kuelekeza kwenye mstari wa migunga: itakuwa kule. Nani anaijenga? Wakubwa wa Nairobi. Lini? Hapo alicheka, kicheko cha mtu asiyetaka kusema uongo kwa wageni wenye umri wa mama yake, akasema yeye hulipwa kwa siku.

Chini ya mwembe, hatua chache kutoka kigingi cha mwisho, palikuwa na nyumba ya matofali na bibi kizee ameketi mbele yake akipepeta kunde. Tukamwamkia, tukakaribishwa vigoda. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na Kikamba chetu hakuna, kwa hiyo mjukuu wake, msichana wa skuli ya upili, akawa mkalimani. Ardhi ile yote, alisema bibi, ni ya marehemu mumewe. Baada ya mazishi, mtoto wa shemeji yake alikuja na watu wenye kamba za kupimia. Aliambiwa kuwa nyumba yake itabaki ila mbele yake itapita barabara ya stesheni. Hakutia kidole gumba katika karatasi yoyote. Kisha akauliza kitu ambacho msichana alisita kukitafsiri, akidhani tutacheka: je, stesheni huwa na maji? Kwa maana kama itakuwa na bomba, yeye hatakuwa na neno nayo.

Hatukucheka. Tulimwambia zilizo kubwa huwa nayo.

Siku ya tatu tulikuwa Machakos mjini, katika ofisi ya ardhi, tukiwa na nakala ya hati ambayo muuzaji alikuwa amewapa akina mama. Mji ule una kumbukumbu yake kuhusu reli. Mwanzoni mwa utawala wa Waingereza Machakos ndiyo iliyokuwa makao ya serikali ya nchi ya Ukambani, mji wenye ngome na soko wakati Nairobi ilikuwa bwawa la kunyweshea ng'ombe. Reli ikaja, ikaukwepa mji kwa kupita mbugani, na mwaka 1899 makao yakahamishiwa Nairobi. Watu wa Machakos wanajua vyema kuliko sisi thamani ya kupitiwa na treni, na ndiyo maana hata huko neno "stesheni" likitamkwa, masikio husimama.

Tulijaza fomu ya upekuzi rasmi, ule ambao wengi huuita sachi, tukalipa ada, tukasubiri. Jibu lilikuwa la nusu ukurasa. Ardhi haijagawanywa. Ni kipande kimoja cha shamba, na mwenyewe aliyeandikwa ni mume wa bibi, ambaye tulikuwa tumeliona kaburi lake chini ya mwembe. Hatimiliki za viwanja zilizosemwa kuwa tayari hazikuwepo popote.

Hapa tutasimama kidogo, kwa sababu jambo hili si la Ndithini peke yake na wasomaji wetu wengi wamo ndani yake bila kujua. Mali ya marehemu haiwezi kuuzwa na jamaa yeyote kabla ya mirathi kupitishwa mahakamani. Sheria ya urithi inakataza mtu kuigusa, na adhabu imewekwa. Shamba la kilimo, hata likiwa na mwenyewe aliye hai, haliuzwi wala halikatwi vipande bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo hilo. Idhini ikikosekana mauzo ni batili, na mnunuzi ana haki ya kudai fedha zake kama deni. Mapatano ya kuuza ardhi ni lazima yawe ya maandishi, yametiwa saini na pande zote mbili, na kushuhudiwa. Chama chetu kilikuwa na stakabadhi ya benki tu, tena ya akaunti ya mtu binafsi. Inashangaza kidogo kwa watu ambao aya ndefu kuliko zote katika Kitabu chao inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi.

Na stesheni ya kweli nayo huacha nyayo kabla haijawekwa jiwe la kwanza. Serikali ikitaka ardhi ya watu kwa ajili ya reli, Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza nia hiyo katika Gazeti Rasmi la Serikali, ikitaja namba za vipande vya ardhi kimoja kimoja, na wenyewe huitwa kueleza madai yao ya fidia. Mradi wa ukubwa huo hufanyiwa uchunguzi wa athari kwa mazingira, na NEMA hualika maoni ya umma kupitia magazeti. Kwa hiyo mtu akikuambia treni inakuja, muulize tangazo la Gazeti Rasmi ni la tarehe gani. Akiwa nalo, lisome kwa makini zaidi, maana huenda kiwanja anachokuuzia ndicho kitakachochukuliwa. Mafakihi wetu wamelifundisha jambo hili tangu zamani walipokataza kuuza samaki aliye bado baharini na ndege aliye angani, wakaiita biashara hiyo gharari. Stesheni iliyo karatasini ni samaki wa baharini.

Tunaongeza moja kwa akina dada hasa. Kati ya wanachama 14, hakuna aliyekuwa ameuliza jina gani litaandikwa katika hati. Muuzaji alikuwa ameshauri, kwa urahisi, liandikwe jina la mume wa mmoja wao. Sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013 inamruhusu Mwislamu kufuata sharia ya Kiislamu katika mambo hayo, na sharia yetu haikumnyima mwanamke kumiliki kwa jina lake mwenyewe. Mali aliyoichuma ni yake, na mume hana fungu ndani yake ila kwa ridhaa. Chama kilichosajiliwa kinaweza kumiliki kwa jina lake. Lakini jina la mume wa mtu, ambaye kesho anaweza kufa akaacha warithi wasiolijua daftari la Alhamisi, ni mlango wa fitina. Wala tusiwacheke watu wa Ndithini kwa mirathi isiyopitishwa: ni nyumba ngapi za Mji wa Kale, Lamu na Malindi ambazo hati yake ingali na jina la babu, na wajukuu wanauziana vyumba kwa maneno ya barazani?

Tuliporudi Mombasa tulikaribishwa katika kikao cha chama. Tuliisoma nusu ukurasa ya Machakos kwa sauti. Kimya kilichofuata hatutakisahau. Mmoja alisema mtunza hazina aape kuwa hakupewa kitu na muuzaji. Mama yule hakujibu. Alilifungua daftari lake, akaliweka katikati ya mkeka, akaketi mikono mapajani huku machozi yakimtoka. Ndipo yule mkubwa wao, mwenye bangili, akasema: "Sote tuliiona picha, na sote tuliipenda. Mimi ndiye niliyewatia uchu kwa Syokimau yangu." Kiapo hakikuombwa tena.

Wakili ambaye ni mtoto wa mmoja wao aliandika barua ya kudai fedha. Muuzaji alirudisha shilingi 200,000 baada ya wiki tatu, na za pili 136,000 ameahidi. Mpaka tunapoandika haya hazijaja. Chama kimegawanyika kuhusu kumshitaki. Baadhi wanahofia kuwa kesi itakula zaidi ya deni, wengine wanasema kunyamaza kutamfungulia njia ya chama kingine. Sisi tuko upande wa hawa wa pili, na tumewaambia hivyo.

Tangazo halikuchapishwa. Nafasi yake ndiyo hii mnayoisoma.

Limebaki la bibi. Mjukuu wake alikuwa amechukua namba yetu ya simu, na siku kumi baadaye alipiga. Vigingi bado vipo, alisema, na watu wengine walikuja na gari kutazama. Tulimweleza kuwa mjane mwenye haki katika ardhi anaweza kwenda ofisi ya Machakos na kuweka zuio, ili isiandikwe hati nyingine yoyote mpaka madai yake yasikilizwe. Akasema bibi yuko tayari, ila nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni shida. Tulilipeleka neno hilo kwa akina mama siku ya Alhamisi. Palikuwa na mjadala, tena wa sauti ya juu, kwani wako waliosema kwamba chama kimekwisha kutoa vya kutosha kwa Ndithini. Kisha mtunza hazina akatoa simu, akatuma fedha kwa M-Pesa, akachukua kalamu, na chini ya mstari wa arubuni ya viwanja akaandika: nauli ya bibi, shilingi 1,600.